Vijana Barazani: Jinsi Daraja Letu Lilivyoanza Safari ya Kuelekea Kwenye Bajeti

Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilifungua shughuli zake kwa mjadala wenye hoja hii: "Vijana hawana nafasi katika uongozi wa nchi." Mimi nilikuwa upande wa waungaji mkono, na tuliwashinda wapinzani wetu kwa kura nyingi ajabu. Tulipiga makofi, tukaimba, tukashika njia ya kwenda kula githeri. Mwalimu mlezi wetu ndiye aliyeitia furaha yetu mchanga. Alitungojea mlangoni, akatuuliza kwa upole, "Haya, mmeshinda. Sasa nionyesheni huo mlango mliobisha mkakatazwa kuingia." Tukatazamana kama kuku wageni. Kusema kweli, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amebisha mlango wowote.

Makala haya ndiyo jibu langu kwa swali la mwalimu. Jibu lenyewe limechukua karibu mwaka mzima, na bado halijakamilika, kama utakavyoona.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni Chama cha Kiswahili, si chama cha siasa. Baraza, katika nyumba za Waswahili kule Lamu na Mombasa, ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, aghalabu pamejengwa kwa mawe kando ya mlango. Hapo majirani huketi jioni, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mji. Mpita njia hukaribishwa bila ya kuingia ndani ya nyumba, na akiwa na neno hulisema. Neno hilo lilipopanda bara wakati wa ukoloni likawa baraza la chifu. Hapa mambo ni mengine. Mtu mmoja husimama chini ya mti na fimbo yake, wengine huketi kwenye nyasi wakisikiliza. Nyanya yangu hata leo akisema, "Nimeitwa baraza," hana maana kwamba anakwenda kuzungumza. Anakwenda kuambiwa.

Kwa hiyo neno moja limebeba mambo mawili: kukaa mkazungumza, na kuitwa mkaambiwa. Msomaji, weka hilo akilini. Kila nilipokutana na baraza la vijana katika utafiti huu nilijiuliza, je, hili ni baraza la kahawa ama ni baraza la fimbo?

Neno la pili ni kijana. Kwa Kiswahili cha nyumbani kijana ni mtu yeyote mwenye nguvu ambaye bado hajaitwa mzee. Sheria haikubali ulegevu huo. Sera ya Taifa ya Vijana ya mwaka 2006 ilisema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 30. Katiba ya 2010 ikabadilisha: kijana ni aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35. Mimi nilipokuwa nikianza utafiti huu nilikuwa na miaka 17. Maana yake ni kwamba kwa sera ya zamani ningekuwa kijana kamili, na kwa Katiba ya sasa nilikuwa mtoto. Wenzangu walicheka sana niliposoma hayo darasani, hasa wale wenye ndevu.

Lakini hata mtoto hakuachwa nje kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Na kwa vijana wenyewe Katiba yetu haikuficha neno. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo, wapate kazi, na wawe na nafasi ya kujumuika, kuwakilishwa na kushiriki katika siasa, uchumi na mambo ya jamii.

Jambo moja zaidi la historia, kwa sababu linatugusa sisi wa Kiswahili. Nchi yetu ilipopata uhuru, mpiga kura alipaswa kuwa na miaka 21. Mwaka 1974 umri huo ulishushwa ukawa 18. Na mwaka huo huo wa 1974 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mijadala ya Bunge. Sijui kama waliofanya hivyo waliona uhusiano wa mambo hayo mawili. Mimi nauona, na nitaurudia hapo mbele.

Sasa tuingie shuleni. Zamani viranja walichaguliwa na walimu ofisini, na sisi tulisomewa majina gwarideni. Siku hizi tuna baraza la wanafunzi tunalolipigia kura. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema mwakilishi wa baraza hilo awe mwanachama wa halmashauri ya usimamizi wa shule kwa mujibu wa wadhifa wake. Wanafunzi wengi hawalijui hilo. Wao hudhani kazi ya baraza ni kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele.

Baraza letu la kwanza kuchaguliwa lilianza kwa kishindo. Kulikuwa na malalamiko ya foleni ya chakula cha jioni. Kidato cha kwanza walikuwa wakihudumiwa mwisho kila siku, na wakifika dirishani maharagwe yamekwisha, imebaki supu. Viongozi wetu wakaenda ofisini, wakalisema jambo hilo kwa ufasaha, wakarudi wakitabasamu. Wiki mbili zikapita, kimya. Walipouliza, wakaambiwa hakuna anayekumbuka malalamiko kama hayo. Nao hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Mara ya pili walikwenda na kumbukumbu za mkutano: tarehe, akidi, waliohudhuria, hoja, azimio, sahihi ya mwenyekiti na ya katibu. Jumatatu iliyofuata zamu za foleni zilibandikwa ukutani. Chakula ni kile kile na wapishi ni wale wale. Tofauti ilikuwa karatasi moja. Mimi kama katibu wa Chama niliicheka habari hiyo wakati ule, kumbe ndiyo iliyokuja kunifaa.

Ukitoka shuleni utakuta Baraza la Vijana la Taifa. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na uchaguzi wake ukafanywa mwaka 2012 kuanzia mashinani kwenda juu. Kazi yake kwenye sheria ni nzuri: kuratibu shughuli za vijana, kuwatetea, na kuhimiza wawakilishwe katika ngazi zote za maamuzi. Jirani zetu pia wana mabaraza kama hayo. Uganda walianza mapema, kwa sheria ya mwaka 1993, na baraza lao huanzia kijijini hadi taifa. Tena wana wabunge watano wa vijana. Zanzibar walipitisha sheria yao mwaka 2013, na Tanzania Bara mwaka 2015. Hapa kwetu nilifanya utafiti wangu mdogo wa darasani. Niliuliza ni nani amewahi kumwona kwa macho yake mjumbe wa Baraza la Vijana la Taifa. Mikono miwili iliinuka, na mmoja ulikuwa unaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Viti pia vipo. Katika Seneti kuna viti viwili vya vijana, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Katika Bunge la Taifa kuna viti 12 vya uteuzi kwa makundi maalum, vijana wakiwa miongoni mwao, na mabunge ya kaunti yana vyake. Na kuna waliopita mlango wa kawaida wa kura. Tom Mboya aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 akiwa na miaka 26. Mwaka 2017 watu wa Igembe Kusini walimchagua John Paul Mwirigi, mgombea huru wa miaka 23 ambaye bado alikuwa chuoni, awe mbunge wao. Linet Chepkorir alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Bomet mwaka 2022 akiwa na miaka 24. Hawa nawavulia kofia. Lakini bwana, sisi wengine elfu na elfu hatutakuwa wabunge. Tufanyeje? Tungoje?

Hapo ndipo inapoingia habari ya kijito.

Chini ya shamba la shule yetu kunapita kijito. Wakati wa kiangazi mtoto wa chekechea anakivuka bila kulowesha magoti. Wakati wa masika kinanguruma kama lori. Wanafunzi wa kutwa wanaotoka ng'ambo ya pili huvukia gogo la mkaratusi lililowekwa na wazee zamani. Mwaka jana, wiki ya pili ya muhula wa pili, msichana wa kidato cha pili aliteleza kwenye gogo hilo alfajiri. Maji yalimchukua kama hatua thelathini hivi. Akashika mizizi ya mti, na mvulana aliyekuwa akinywesha ng'ombe akamvuta kwa kamba. Alifika shuleni akitetemeka, hana viatu, hana mkoba, madaftari yake yote yamekwenda na maji. Kuanzia siku hiyo mama yake alimkataza gogo. Akawa anazunguka kwa barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu kuja na saa moja na nusu kurudi. Alama zake za muhula huo ziliporomoka, na hakuna haja ya kuuliza kwa nini.

Mwalimu mlezi alitukumbusha lile swali lake. Akatuambia mwezi huo wa Mei kutakuwa na kikao cha kupokea maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti katika jumba la kijamii la wadi. "Mlango ndio huo," akasema. "Kabisheni."

Tulikwenda watu sita na mwalimu wetu, tumevaa sare safi. Mlangoni karani alikuwa na fomu ya mahudhurio yenye safu ya nambari ya kitambulisho. Akatutazama juu hadi chini. "Hiki kikao ni cha watu wazima, watoto wangu. Muko na vitambulisho?" Hatukuwa navyo. Mwalimu akamjibu kwa adabu, "Ndugu yangu, Katiba kifungu cha 196 inasema bunge la kaunti liwashirikishe umma. Hawa ukiwatoa katika umma utawaweka wapi?" Karani akacheka, akaandika "mwanafunzi" pahali pa nambari. Nilijifunza hapo kwamba mtu anayejua kifungu kwa nambari yake husikilizwa haraka kuliko anayesema "ni haki yetu" kwa sauti kubwa.

Ndani tulipewa waraka mnene, kimombo kitupu, majedwali juu ya majedwali. Mama mmoja muuza mboga aliyeketi kando yangu aliukunja wake akawa anajipepea nao. "Soma wewe, binti yangu," akaniambia, "mimi nimekuja kuhusu soko." Nilisoma nikatoka jasho. Mimi ndiye ninayepata alama nzuri za Kiingereza darasani kwetu, na sikuelewa nusu yake.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikaomba vitu viwili kwa pumzi moja: maabara ya shule na daraja la kijito. Afisa wa kaunti alinisikiliza vizuri, na nitamsifu kwa hilo, maana wengine wangenidharau. Kisha akanijibu hivi: "Binti, maabara ya sekondari si yetu. Kaunti tuna chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya upili ni ya serikali ya kitaifa. Daraja lenu laweza kuwa letu. Lakini kwa mwaka huu mmechelewa. Mmekuja chakula kishapakuliwa."

Nikaketi. Masikio yalikuwa yanawaka. Njiani kurudi mwenzetu mmoja alisema kwa hasira, "Si nilisema? Hawatutaki." Mwalimu hakumjibu. Siku iliyofuata alitupa kazi: tutafute chakula hicho hupikwa lini.

Msomaji, hapa ndipo penye somo, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kuna sheria inaitwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Lakini bajeti haiandikwi Juni. Kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, kaunti hupeleka katika bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka, na humo ndimo miradi huorodheshwa: barabara hii, kisima kile. Kufikia tarehe 28 Februari huja waraka unaoweka viwango, yaani idara ya barabara isizidi kiasi fulani, idara ya afya kiasi fulani. Kufikia tarehe 30 Aprili huja makadirio yenyewe ya bajeti, mradi kwa mradi. Kisha mabunge hukaa, na kufikia 30 Juni lazima mambo yawe yamepitishwa. Juu ya yote hayo kuna mpango mkubwa wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Basi fikiri kama mpishi. Septemba ndipo inapoamuliwa kitakachopikwa. Februari hupimwa unga. Aprili sufuria iko motoni. Sisi tulifika Mei tukiwa na sahani mkononi tukidai tupikiwe samaki. Watu wengi, vijana kwa wazee, hujitokeza Mei na Juni kwa sababu ndipo bajeti inaposikika redioni, na ndipo nafasi ya kubadilisha kitu ni ndogo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kizuizi kikubwa kuliko uhaba wa viti. Mtu hafungiwi mlango kwa kufuli. Hajui tu saa ya kufunguliwa.

Mfano wa kutisha wa mambo haya tuliuona mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na mapendekezo kama ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kaka yangu alikuwa chuoni wakati huo. Aliniambia ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma mswada, na aliusoma kwa simu, akiwa na wenzake, kifungu kwa kifungu. Vijana waliueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama katika video fupi fupi, na ghafla kila mtu hadi wauza nyanya walikuwa wanajua kilichoandikwa humo. Kamati ya Bunge ilikuwa imepokea maoni ya umma. Hata hivyo, tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaupinga, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Mimi sina ujuzi wa kuhukumu yote yaliyotokea, wala hapa si mahali pake. Ila nilibaki na swali: kama mswada ungeelezwa kwa lugha ya watu tangu mwanzo, na maoni yakajibiwa moja baada ya jingine, je, wale waliokufa wangekuwa nasi leo? Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Kwa nini yule mama wa mboga apewe waraka wa kujipepea?

Ndiyo maana Chama chetu kiliamua kufanya kile tunachokijua. Tulichukua kurasa zinazohusu wadi yetu, tukazitia katika Kiswahili. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ufupisho wowote wa Karatasi ya Pili. Tulibishana juu ya matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, juu ya makadirio na makisio. Ubishi mkali kuliko wote ulikuwa juu ya jina la kitu tulichokuwa tunakiomba. Wengine walitaka tuandike kivuko. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Likoni akakataa katakata. "Ukimwambia mtu wa kwetu umejengewa kivuko," akasema, "atakuuliza meli iko wapi." Tukakubaliana: daraja la waenda kwa miguu. Ni refu, lakini hakuna atakayetuletea feri.

Mwezi wa Julai tulikaa kando ya kijito asubuhi tatu, saa kumi na mbili hadi saa mbili, tukiwa na daftari. Tulihesabu kila aliyevuka: wanafunzi wetu, watoto wa chekechea, akina mama waendao sokoni, mzee mmoja na mbuzi wake wanne. Siku iliyokuwa na watu wengi zaidi walivuka 74. Tulipima upana wa maji kwa kamba, tukapata mita sita na kitu. Tukaandika kijito kiko kati ya kijiji gani na gani, na njia hiyo inaungana na barabara gani ya kaunti. Tukaeleza yaliyompata yule msichana, bila kutaja jina lake, kwa ruhusa ya mama yake. Yote yakawa ukurasa mmoja. Mwalimu alikuwa mkali sana hapo: ukurasa wa pili hausomwi, alisema.

Kisha tukakwama. Waombaji wote tulikuwa watoto wa Katiba, hatuna kura, na kati yetu hakuna aliyekuwa akivuka kijito hicho isipokuwa wawili. Wenye kura na wenye njia ni watu wa ng'ambo. Tukaenda kwa vijana wa bodaboda walio steji ya pale juu. Hao ndio vijana hasa kisheria. Walituchekelea. "Nyinyi mnaandika barua? Hilo daraja tumeahidiwa tangu tukiwa darasa la nne." Mmoja akauliza ni nani amewatuma, ni mwanasiasa gani. Tukasema hakuna. Hawakuamini. Tuliwaachia nakala ya Kiswahili tukaondoka tumenyong'onyea.

Siku tatu baadaye wakatuma mtu shuleni. Walikuwa wameisoma pale steji, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza kati ya abiria na abiria. Walikuwa na masahihisho mawili. Kwanza, mahali tulipopendekeza udongo hauna nguvu. Gogo la zamani lilihamishwa mara mbili kwa sababu hiyo. Pili, tulisahau wagonjwa: wao ndio huwabeba mgongoni kuwavusha wakati pikipiki haiwezi. Mambo hayo sisi wa vitabu hatukuyajua. Tuliandika upya. Walitia sahihi wao, wakatia wazazi, akatia mzee wa kijiji. Mpenzi msomaji, ile steji yenye benchi la ubao chini ya mti, watu wakisoma na kusahihishana, kwangu ndilo baraza la vijana la kweli nililoliona mwaka mzima. Halina sheria wala bajeti, lakini ni baraza la kahawa.

Mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, vijana hao wakaenda wenyewe kwenye kikao cha wadi pamoja na wawili wetu wanaoishi karibu. Yule aliyetuuliza ni mwanasiasa gani ndiye aliyesimama kusema. Alisema kwa dakika mbili, akakabidhi ukurasa, akaomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wazo la muhuri lilikuwa langu, nalikiri kwa majivuno kidogo. Lilitokana na ile habari ya maharagwe.

Septemba mpango wa mwaka ukatoka. Mwalimu aliupata, tukaukimbilia kama matokeo ya mtihani. Daraja limo! Mstari mmoja, katika jedwali la barabara. Tulipiga vigelegele hadi walimu wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Halafu mwenyekiti wetu akasoma tena polepole. Kijito ni chetu, lakini kijiji kilichoandikwa ni kingine, kilicho upande wa pili wa wadi, kisicho na kijito chochote. Labda mpiga chapa aliteleza. Labda si kuteleza. Mwenzetu yule mwenye hasira alitaka tuandamane hadi ofisi ya wadi. Tulipiga kura, tukaamua kuandika barua ya masahihisho, tukaambatisha nakala yenye muhuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti, na tuliliweka hilo katika aya ya kwanza ili wajue tunalijua. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mistari mitatu, likisema suala limezingatiwa.

Limezingatiwa. Wewe mwanafunzi wa sarufi, nieleze hiyo ni kauli gani, na mtendaji ni nani?

Mwezi wa Februari mwaka huu, nikiwa sasa kidato cha nne na nimefikisha miaka 18, tulirudi kwenye kikao. Karani alikuwa yule yule. Safari hii nilikuwa na kitambulisho kipya, nikaandika nambari yangu polepole ili aione. Tuliambiwa jina la kijiji limerekebishwa na idara ya barabara imewekewa kiwango chake, lakini miradi ni mingi kuliko fedha, na itakayobaki itajulikana makadirio yakitoka. Yule mama wa mboga alikuwepo pia. Alikuwa na nakala yetu ya Kiswahili, imekunjwa katika kibeti, na alimuuliza afisa swali kuhusu ukurasa wa pili wa jedwali la masoko ambalo lilimfanya afisa avue miwani.

Jarida hili linapokwenda kwa mpiga chapa, gogo la mkaratusi bado liko pale pale. Yule msichana sasa yuko kidato cha tatu na bado anazunguka kwa barabara kuu. Makadirio yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wakati huo sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumezama katika maandalizi ya mtihani. Nakala yenye muhuri, barua ya masahihisho na lile daftari la kuhesabia watu vimo katika kabati la Chama, rafu ya chini, nyuma ya magazeti ya zamani. Ufunguo uko kwa mwalimu mlezi. Tunatafuta katibu mpya. Awe na mwandiko unaosomeka, na asiogope umande wa saa kumi na mbili asubuhi.